Uzi maalumu: kidonda cha kisukari kisichotaka kupona, chanzo chake na tiba zilizopatikana

MuuguziZamu

Wakuu, habari za jioni. Wengi mmenifuata faraghani mkiuliza kuhusu vidonda vya miguu kwa wagonjwa wa kisukari, nimeona nifungue uzi ili jibu lisomwe na wote.

Nafunga vidonda kwenye kliniki ya kisukari hapa Dar es Salaam. Kinachonisukuma kuandika ni hiki: mgonjwa anafika na mfuko mzima wa dawa za kupaka. Krimu, unga, maji ya mizizi, asali, mafuta ya nyonyo. Miezi inapita anabadilisha dawa, na muda wote huo hakuna aliyemwambia aache kukikanyaga kidonda. Kipo chini ya dole gumba, palepale uzito wa mwili unapopita kila anaponyanyua mguu. Ametembea kutoka kituo cha daladala, amesimama kwenye foleni, na jioni atarudi hivyohivyo. Hakuna dawa ya kupaka inayoweza kushindana na hilo.

Kwa nini hachechemei? Kwa sababu hasikii. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, na ganzi huanzia kwenye vidole vya miguu. Wewe na mimi kokoto ikiingia kwenye kiatu tunasimama palepale. Yeye anatembea nayo hadi jioni. Nimewahi kumvua kiatu mzee mmoja nikakuta msumari umepenya soli na kuingia nyamani, na yeye anaendelea kunisimulia habari za shamba lake la mihogo.

Aliyefungua watu macho katika hili hakuwa daktari wa kisukari. Ni Paul Brand, daktari mpasuaji Mwingereza aliyezaliwa India, ambaye mwaka 1946 alianza kazi Vellore, kusini mwa India, akitibu wenye ukoma. Enzi hizo iliaminika kwamba nyama ya mgonjwa wa ukoma inaoza yenyewe. Brand akachunguza, akaona nyama inapona vizuri tu. Tatizo ni kwamba mgonjwa hana maumivu ya kumzuia, kwa hiyo anajiunguza, anajikata, anatembea juu ya kidonda. Mguu ukifungwa hogo (ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika) lililoshika unyayo wote, uzito ukasambaa badala ya kubana sehemu moja, kidonda kinafunga. Alipohamia hospitali ya ukoma ya Carville, jimbo la Louisiana, katika miaka ya 1960, njia hiyo ikaingia kwa wagonjwa wa kisukari wa Marekani.

Mpaka leo haijapitwa. Mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari uliotolewa 2023 bado unasema kwa kidonda cha unyayo kilichotokana na ganzi, chaguo la kwanza ni kifaa kinachofika chini ya goti ambacho mgonjwa hawezi kukivua mwenyewe. Hilo la kutovulika lina maana yake. Mtu asiyesikia maumivu akipewa kiatu cha kuvua, atakivua akiwa nyumbani, ataenda chooni bila nacho, atatoka kuita watoto bila nacho.

Kabla sijaendelea, fanyeni kipimo hiki leo kwa mzee wenu mwenye kisukari. Alale, afumbe macho. Gusa kwa ncha ya kidole chako, taratibu bila kubonyeza, ncha ya dole gumba la mguu, kidole cha katikati na kidole kidogo, miguu yote miwili, kila mguso sekunde moja au mbili. Aseme kila anaposikia. Akikosa kusikia sehemu mbili au zaidi kati ya hizo sita, ana ganzi, na mguu wake uko hatarini hata kama haujawahi kupata mchubuko. Kipimo hiki kimetoka Ipswich, Uingereza. Hakihitaji kifaa chochote.

MwanaMzizima

Asante sana dada muuguzi. Nimemfanyia mama, vidole vinne hakusikia nilipogusa. Nimeogopa.

Swali langu: siku zote tumeambiwa sukari ndiyo inazuia kidonda kupona. Mama sukari imeshuka vizuri, kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu kimesoma asilimia 7, lakini kidonda chake cha kisigino kiko vilevile. Sasa ndani ya kidonda kuna nini hasa?

MuuguziZamu

Pole na mama, na hongera kwa kumpima. Swali zuri, nitalijibu kwa urefu maana hapa ndipo sayansi imesogea sana miaka hii kumi.

Kidonda cha kawaida kinakwenda kwa zamu. Damu inaganda. Ndani ya saa chache zinafika chembe nyeupe ziitwazo neutrofili, zinaua vijidudu. Nyuma yake zinakuja makrofaji, ambazo kwanza zinapigana na kula uchafu, kisha zinabadili kazi na kuanza kuita wajenzi. Wajenzi ni fibroblasti, zinazotandika kolajeni, protini inayoipa ngozi nguvu. Mishipa midogo ya damu inachipua, na ngozi inatambaa kutoka pembeni hadi inakutana katikati. Kila zamu lazima iishe ili nyingine ianze.

Kwa mgonjwa wa kisukari zamu ya kwanza haiishi. Mwaka 2015 timu ya Denisa Wagner kule Boston ilionyesha sababu mojawapo. Neutrofili zina silaha ya mwisho: zinapasuka na kurusha nyuzi za DNA yao wenyewe kama wavu wa kunasa bakteria. Za mwenye kisukari zinarusha nyavu hizo kwa wepesi kupita kiasi, na nyavu zinabaki zimetanda kidondani zikizuia ngozi isitambae. Panya wa maabara walionyimwa kimeng'enya kinachofungua DNA hiyo walipona haraka zaidi. Mwaka uliofuata watafiti wa Padova, Italia, wakakuta dalili zilezile kwenye vidonda vya binadamu.

Lakini msidhani basi tatizo ni mwili kupigana sana. Hapa ndipo palipo patamu. Mwaka 2020 kundi la Marjana Tomic-Canic wa Miami lililinganisha vidonda vya kisukari na vidonda vya ngozi ya kawaida na vya ndani ya mdomo, ambako tunapona haraka kuliko popote. Wakakuta kidonda cha kisukari kinashindwa kuita chembe za kutosha za kupigana. Na mwaka 2022 watafiti wa Boston walisoma chembe moja moja kutoka miguu ya wagonjwa, wakakuta wale ambao vidonda vyao vilikuja kupona walikuwa na aina fulani ya fibroblasti kwa wingi kuliko wasiopona, na tena walikuwa na makrofaji nyingi zaidi za kupigana. Ni moto wa kuni mbichi: moshi siku nzima na chungu hakichemki. Mwili umevimba na kuwasha kwa muda mrefu, ila ile nguvu ya mwanzo ya kusafisha na kumaliza haipo.

Ongeza vimeng'enya vinavyokata protini. Vinatakiwa kuondoa nyama mbovu kisha vipungue. Kwenye kidonda sugu vinabaki juu, vinakata kolajeni mpya pamoja na vichocheo vya ukuaji. Kila fundi anachojenga mchana kinabomolewa usiku. Na bakteria nao wanajificha chini ya utando wanaoutengeneza wenyewe, dawa haiwafikii vizuri mpaka utando ukwanguliwe.

Kwa hiyo kushusha sukari ni lazima, asiache, lakini mishipa ya fahamu na mishipa ya damu iliyoharibika kwa miaka hairudi kwa sababu kipimo cha mwezi huu ni kizuri.

Sasa mama yako. Umesema kisigino. Kidonda cha kisigino kinanipa wasiwasi wa damu. Je, kuna mtu amempima kama damu inafika mguuni? Kwa wagonjwa wetu ateri zinazoziba mara nyingi ni zile za chini ya goti. Na kuna mtego: ateri za mwenye kisukari hukakamaa kwa chokaa, basi kile kipimo cha presha kwenye kifundo cha mguu kinaweza kusoma vizuri wakati damu haifiki. Mwambie daktari unaomba mguu upimwe mtiririko wa damu, na kama hospitali ina uwezo wa kupima presha ya kidole cha mguu, bora zaidi. Mguu usio na damu unahitaji kuzibuliwa mshipa au kupitishiwa njia nyingine. Bendeji peke yake haitoshi.

Kingine. Pima kidonda kila wiki. Chukua nailoni safi angavu, weka juu bila kubonyeza, chora ukingo kwa kalamu ya wino mzito, andika tarehe. Utafiti uliochapishwa 2003 uliwafuatilia wagonjwa na kukuta hivi: waliopunguza eneo la kidonda zaidi ya nusu katika wiki nne za kwanza, asilimia 58 walikuwa wamepona ifikapo wiki ya 12. Ambao hawakufika nusu, waliopona walikuwa asilimia 9 tu. Maana yake wiki nne zikipita bila nusu kuondoka, usiendelee na mpango uleule. Rudi, watafute kinachozuia.

Kilindini_Mkaazi

Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu wazee wanaamini asali, na vijana wanafungua kapsuli za rangi mbili wanamwaga unga juu ya kidonda. Wengine spiriti. Naomba utueleze bila kutuonea haya, maana hata mimi nyumbani asali iko.

MuuguziZamu

Ndugu yangu, sitawaonea haya na sitawacheka. Watu wanatumia walichonacho.

Unga wa kapsuli uacheni kabisa. Dawa ile imetengenezwa kumezwa. Ukiimwaga juu inaganda na usaha inakuwa gamba, chini yake vijidudu vinaendelea, na wale wachache wanaobaki hai wanazoea dawa. Siku mgonjwa akihitaji dawa hiyo kwenye damu, haimsaidii. Spiriti na haidrojeni peroksaidi zinaua bakteria, ni kweli, ila zinaua pia hizo chembe changa zinazotambaa kutoka ukingoni. Kuosha kidonda tumia maji safi ya chumvi ya hospitali, au maji yaliyochemshwa yakapoa.

Asali inaua baadhi ya vijidudu, hilo limepimwa maabara. Lakini kwa kidonda cha kisukari majaribio yaliyofanyika ni dhaifu, na mwongozo wa 2023 unasema isitumike kwa lengo la kuponya kidonda hicho. Na asali ya chupa ya sokoni haijasafishwa kwa kidonda. Hofu yangu kubwa zaidi ni wiki zinazopotea. Mtu anapaka asali kwa uaminifu mkubwa huku kidonda kinachimba kuelekea kwenye mfupa. Sisi huingiza kijiti butu cha chuma kisicho na vijidudu ndani ya tundu la kidonda, na tukigusa kitu kigumu kinachokwaruza, tunajua tuna uwezekano mkubwa wa maambukizi ya mfupa. Kwa macho tu hapo juu unaona kitundu kidogo kisafi.

Nisieleweke kwamba mimea haina kitu. Taiwan wametengeneza krimu kutokana na mimea miwili, *Plectranthus amboinicus* na *Centella asiatica*, lengo likiwa kuzisaidia zile makrofaji zibadili kazi. Wakaijaribu kwa wagonjwa 236. Baada ya wiki 16 waliopona kabisa walikuwa asilimia 60.7 kwa waliopaka krimu, na 35.1 kwa waliofungwa bendeji ya kisasa. Matokeo yalichapishwa 2021. Ninachowaomba waganga wetu na vyuo vyetu ni hicho tu: chukueni mti wenu, upimeni hivyohivyo mbele ya watu.

KageraMoja

Mkuu kuna sindano ya Cuba inasifiwa sana mitandaoni, wanasema inaokoa miguu. Pia nimeona mashine ya kunyonya. Vipi hizo? Na gharama?

MuuguziZamu

Ya Cuba ni kweli ipo. Inaitwa Heberprot-P, imetengenezwa na kituo chao cha bayoteknolojia cha Havana, wakaanza kuitumia rasmi 2006. Ni kichocheo cha ukuaji wa ngozi kinachochomwa ndani na kuzunguka kidonda. Sababu ya kuchoma badala ya kupaka ni vile vimeng'enya nilivyosema: ukipaka juu, dawa inakatwakatwa kabla haijafika chini. Imetumika nchi nyingi. Wamarekani nao walikuwa na jeli ya kichocheo kingine, becaplermin, iliyoidhinishwa Desemba 1997, na baadaye ngozi zilizokuzwa maabara.

Iliyonivutia mimi zaidi haina makeke. Ni bendeji yenye chumvi ya sukrosi oktasulfeti, ambayo inatuliza vimeng'enya hivyo. Iliwekwa kwenye jaribio la Ulaya la wagonjwa 240 wenye ganzi pamoja na upungufu wa damu, yaani wale wagumu kabisa. Wagonjwa na wauguzi hawakujua nani kafungwa bendeji ipi. Wiki ya 20 waliopona walikuwa asilimia 48, na wa bendeji ya kawaida 30. Mwaka huohuo, 2018, likatoka jaribio jingine ambamo damu ya mgonjwa mwenyewe inachukuliwa, inazungushwa kwenye mashine mpaka inakuwa kipande kama kitambaa cha chembe nyeupe na chembe sahani (zile zinazogandisha damu), kinawekwa juu ya kidonda kila wiki. Asilimia 34 walipona dhidi ya 22.

Tazameni tarakimu hizo kwa makini. Hata iliyo bora, zaidi ya nusu ya wagonjwa wagumu hawakupona ndani ya muda huo. Na majaribio yote haya wagonjwa walikuwa wameshapewa huduma ya msingi: nyama mbovu imekatwa, maambukizi yametibiwa, mguu umepunguziwa uzito. Dawa mpya imejengwa juu ya hayo. Ukinunua dawa ya bei mbaya ukaiweka juu ya kidonda kinachokanyagwa, umetupa fedha ya ada ya mtoto.

Mashine ya kunyonya majimaji ya kidonda inafaa hasa kwa kidonda kikubwa kilichobaki baada ya upasuaji. Jaribio la Marekani la 2005 kwa watu waliokatwa sehemu ya mguu lilionyesha asilimia 56 walifunga kidonda kwa mashine, na 39 bila mashine. Isifungwe juu ya nyama iliyokufa wala juu ya usaha ambao haujatolewa. Bei sitataja, zinatofautiana kila mahali.

Kuna na vitu vya kesho. Stanford mwaka 2022 walionyesha bendeji yenye saketi inayopima joto na hali ya kidonda na kutuma umeme mdogo wa kukichochea. Kwa panya wa maabara kupona kuliharakishwa kwa asilimia 25 hivi. Panya. Tusubiri binadamu.

MtuWaTanga

Dada samahani, mimi nina jambo la haraka. Baba mdogo yuko kijijini, mguu umevimba, kidole cha pili kimekuwa cheusi na kinanuka. Ndugu wanasema amekanyaga kitu, ametegewa, wanataka wampeleke kwa mtaalamu wao kwanza. Yeye mwenyewe anaogopa hospitali kwa sababu jirani alikwenda akakatwa mguu, hakurudi.

MuuguziZamu

MtuWaTanga, baba mdogo aende hospitali leo. Usisubiri kuche. Weusi, harufu, uvimbe unaopanda, homa au kutapika au kuchanganyikiwa, hivyo ni vitu vya saa. Maambukizi yanapanda kwenye mifereji ya misuli kwa ndani wakati juu ngozi inaonekana nzima. Asipakwe kitu, funga kitambaa safi kikavu, asitembee, abebwe.

Kuhusu ndugu, usigombane nao usiku huu. Waambie hivi: mguu wenye ganzi unaweza kukanyaga kitu kweli, moto, mwiba, kipande cha chupa, bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana kinaonekana kimetokea hewani. Kama wanataka dua, isomwe njiani.

Kuhusu kuogopa kukatwa, nitakuwa mkweli. Wanaofika wakiwa wamechelewa ndio wanaokatwa juu, na baada ya kukatwa juu wengi hawaishi muda mrefu. Takwimu zilizokusanywa nje zinaonyesha zaidi ya nusu hufariki ndani ya miaka mitano. Kwa hiyo jirani kweli hakurudi, ila alichelewa kuondoka nyumbani. Anayefika mapema anaweza kupoteza kidole akabaki na mguu. King's College Hospital ya London walifungua kliniki ya miguu mwaka 1981, daktari, mtaalamu wa miguu, fundi viatu, muuguzi na mpasuaji wakikaa pamoja, na ukataji mkubwa wa miguu ukapungua nusu. Dawa zilikuwa zilezile za siku zote. Hapa Tanzania mradi wa Step by Step ulioongozwa na Profesa Zulfiqarali Abbas ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kufundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kazi hii hii, kwa vifaa vinavyopatikana. Uliza hospitali ya wilaya kama wana aliyepata mafunzo ya mguu wa kisukari. Mkifika, ombeni mguu upimwe mtiririko wa damu kabla ya uamuzi wa kukata juu, isipokuwa daktari akisema sumu imeshaingia mwilini na hakuna muda.

Tupe habari.

Bint_Pemba

Asalaam aleikum. Mbona watu wanazungumza miguu tu? Baba mkwe ni mvuvi, ana sukari, alichomwa na mwiba wa samaki kwenye kiganja, sasa mkono wote umejaa. Wanasema ni sumu ya samaki itaisha.

MuuguziZamu

Waaleikum salaam. Bint, nashukuru umeuliza, maana hili linasahaulika na limeandikwa kutoka kwetu hapahapa. Mwaka 2002 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilichapisha ripoti ya wagonjwa wa Dar es Salaam wa miaka ya 1998 hadi 2002 wenye maambukizi makali ya mkono. Yanaanza na kitu kidogo, mchubuko au kuumwa na mdudu, kisha mkono unavimba na nyama inakufa haraka. Wapo waliokatwa mkono, wapo waliofariki. Mkono ukijaa kwa mtu wa sukari, ni hospitali yenye daktari wa upasuaji, siku hiyohiyo. Usaha unatakiwa kufunguliwa, vidonge peke yake havitoshi. Mwambieni daktari kwamba ni mwiba wa baharini, maana bakteria wa maji ya bahari wanabadilisha uchaguzi wa dawa.

Na kwa kuwa nimetaja wadudu: Profesa Abbas na wenzake waliandika pia kuhusu wagonjwa wa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Tunasema panya anauma huku akipuliza. Kwa mwenye ganzi hahitaji hata kupuliza. Mgonjwa anaamka asubuhi anaona damu kwenye shuka. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro, na chakula kisilale chumbani.

FundiNgozi

Mimi ni fundi viatu, si mtu wa hospitali. Nimesoma uzi wote. Wateja wangu wawili wana sukari, na mmoja kidonda chake kilipona kikarudi palepale. Niambie kiatu chao kinatakiwa kiweje, nitakitengeneza.

MuuguziZamu

FundiNgozi, natamani kila wilaya ingekuwa na mtu kama wewe. Kurudi kwa kidonda ndiko kunakotuumiza zaidi: mapitio makubwa ya 2017 yanasema asilimia 40 ya waliopona hupata kingine ndani ya mwaka mmoja. Na hapo kiatu ndicho kinachoamua mengi.

Pima mguu mteja akiwa amesimama, mchana au jioni mguu ukiwa umejaa. Ndani kiwe kirefu kuliko mguu kwa sentimita moja hadi mbili. Upana ufuate mguu wake, usifuate kalibu. Mbele kiwe kirefu kwenda juu ili vidole vilivyojikunja visisuguliwe. Ndani pasiwe na mshono unaojitokeza, pitisha kidole chako mwenyewe kila sehemu. Soli ya nje iwe ngumu isiyokunjika, iliyoinuka mbele ili mguu ubiringike bila kukandamiza chini ya vidole. Soli ya ndani iwe laini nene, na palipokuwa na kidonda uchonge pabonyee. Mkanda wa nyuma uwepo.

FundiNgozi

Soli ngumu ya tairi ninazo, na juu yake naweza kubandika raba laini tabaka mbili. Kuchonga ndani si kazi. Shida ni gundi, joto la jua la huku linaachia soli. Nitashona kuzunguka badala ya kubandika tu, halafu uzi naufunika kwa ngozi ya ndani usiguse mguu. Katambuga za kawaida ninazouza nimeona zina misumari, hao wawili sitawauzia tena.

MuuguziZamu

Hapohapo. Misumari hapana. Na kandambili nazo ziondoke: hazishiki kisigino, ule ukanda wa katikati unakata kati ya dole gumba na kidole cha pili, na mwenye ganzi anaipoteza njiani bila kujua. Kiatu kipya wavae saa moja siku ya kwanza, wavue, waangalie wekundu, ndipo waongeze. Kila asubuhi waingize mkono ndani ya kiatu kabla ya mguu.

Mwenye uwezo anunue kipima joto cha ngozi cha infraredi. Pima sehemu ileile ya unyayo miguu yote miwili. Tofauti ya nyuzi 2.2 za Selsiasi kwa siku mbili mfululizo, mguu mmoja ukiwa na joto zaidi, ina maana ndani kunawaka hata kama juu hakuna jeraha. Apunguze kutembea na aje kliniki.

MwanaMzizima

Mrejesho. Mama amepimwa. Mshipa wa chini ya goti umeziba, amepewa rufaa kwa wapasuaji wa mishipa. Hakuna aliyewahi kutuambia kuhusu damu.

Swali dogo la mwisho. Mama anaswali tano, hataki kuacha kutia udhu kwa sababu ya bendeji, na msikitini anaingia peku. Nimwambieje?

MuuguziZamu

Alhamdulillah kwa rufaa, isicheleweshwe. Tarehe ikiwa mbali, rudi ukawaambie kidonda ni cha kisigino na mshipa umeziba, waisogeze.

Kwenye udhu, penye bendeji hukumu ya kupangusa juu yake ipo, mpelekeni kwa sheikh wenu amtulize moyo, mimi siyo wa kutoa fatwa. Upande wangu ni huu: bendeji isilowe. Ikilowa ifunguliwe na kufungwa upya. Mguu mzima akiuosha, akaushe katikati ya vidole kwa kitambaa laini, maana unyevunyevu pale unaleta fangasi na mpasuko. Maji ya moto yajaribiwe na mtu mwingine, asijaribu kwa mguu wake. Msikitini, mpaka kidonda kifunge aswalie nyumbani akiwa ameketi kwenye kiti, kisigino kikining'inia bila kugusa sakafu. Na akilala, weka mto chini ya shavu la mguu, siyo chini ya kisigino, ili kisigino kibaki hewani usiku kucha.

MtuWaTanga, bado tunasubiri habari za baba mdogo.

MtuWaTanga

Tumefika wilayani saa saba usiku. Wametoa usaha, wamemwekea dripu, kidole wamesema wataondoa kesho. Wamepima mapigo juu ya mguu, wamesema yapo. Nimewaonyesha uzi huu, muuguzi wa zamu anauliza kile kipimo cha kugusa vidole wanaanza na mguu upi.

MuuguziZamu

Wa kulia. Dole gumba la kulia, kidole kidogo cha kulia, kisha dole gumba la kushoto na kidole kidogo cha kushoto, halafu vidole vya kati, kulia na kushoto. Wasirudie pale alipokosa kusikia. Mguu wenye kidonda wasiguse vidole vilivyoharibika, watumie vilivyo vizima na waandike kwenye faili.